Safari ya Gunia la Unga



Juma lililopita, darasa la sita lilipokuwa likisoma ramani ya dunia, kijana mmoja wa dawati la nyuma alisimama akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Alisema: «Mwalimu, umetuambia ya kwamba mchele mwingi unaoliwa Kinshasa hutoka Asia. Umetuonyesha njia yake kwa fimbo: Bangkok, Singapore, Rasi ya Tumaini Jema, mpaka Matadi. Sisi tu nchi moja na Kinshasa, na mpunga unaota kwetu, Ruzizi na Maniema. Mbona mchele wa Wahindi na Wachina unafika na wetu haufiki? Je, bahari haina urefu?»

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba mtoto yule ameshika jambo ambalo wakubwa wengi hulipita bila kulitazama. Shambani ndizi huoza zikingoja kamio. Mjini mama huhesabu franka zake mara mbili mbele ya kipimo cha mchele. Kati ya mama huyo na mkulima iko safari, na hakuna mzigo uendao safari bila kula. Ama unakula mazutu, ama kuni, ama umeme, ama unakula bugali wa mtu aubebaye. Basi leo na tuhesabu: safari ya chakula hula kiasi gani, na ni nani alipaye?

Kwanza tupatane juu ya kipimo. Nguvu (wenye vitabu vya siku hizi husema nishati) hupimwa kwa namna nyingi. Mimi nitatumia kalori, ile waitumiayo waganga wanapopima chakula, kwa sababu inatuwezesha kulinganisha tumbo la mtu na tangi la kamio. Kilo moja ya unga wa mihogo ina kalori 3,400 hivi. Mtu mzima afanyaye kazi huhitaji kalori 2,500 mpaka 3,000 kwa siku. Na litre moja ya mazutu ina kalori 8,600 hivi. Ndiyo kusema, katika kichupa kile kidogo cha mazutu imo nguvu ya chakula cha mtu mmoja kwa siku tatu. Wanafunzi waandike hesabu hizi tatu pembeni, tutazihitaji mpaka mwisho.

Sasa tuanze na gari la kwanza la dunia, ndilo mguu wa mtu. Na katika nchi yetu, tuseme kweli, ndio mguu wa mama.

Kila msomaji wa Bukavu amewaona. Wanateremka alfajiri kutoka Kabare na Walungu, ukanda umepita juu ya kipaji cha uso, mgongo umeinama, na mzigo nyuma unazidi kimo cha mbebaji mwenyewe. Watu wa mjini wamezoea kuwapisha njiani kama wapishavyo gari. Lakini wako waliotazama kwa jicho jingine. Mwaka 1986 gazeti la wataalamu wa Uingereza liitwalo Nature lilichapisha kazi iliyofanywa nchini Kenya. Wataalamu waliwapima akina mama wa Kiluo, wabebao kichwani, na akina mama wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda wa kipaji cha uso kama wa kwetu. Waliwatembeza wakipima pumzi zao, kwani pumzi huonyesha nguvu inayotumika. Wakastaajabu. Mama akibeba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake, nguvu anayotumia haiongezeki hata kidogo. Anatembea kana kwamba hana kitu! Askari waliopewa mizigo mgongoni nguvu zao ziliongezeka tangu kilo za kwanza. Mwaka 1995 wataalamu wakaeleza sababu: mwendo wa akina mama hao hufanana na kitu kinachoning'inia katika saa ya ukutani, kikienda na kurudi, nguvu ya hatua moja haipotei yote, nyingi yake hurudi katika hatua inayofuata. Hawakufundishwa shuleni. Wameanza wakiwa wasichana wadogo, na mwili umejifunza.

Baba asomaye habari hii asifurahi mapema. Sehemu moja ya tano ya mama mwenye kilo 55 ni kilo 11 tu. Ni nani aliyemwona mama wa sokoni akibeba kilo 11? Huo ni mzigo wa mtoto. Wanabeba 40, wanabeba 50, na wengine hupita hapo kwa mbali. Kupita ile sehemu ya tano, nguvu huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, na wataalamu hawana muujiza wa kutueleza tena. Yabaki magoti, shingo na tumbo la uzazi.

Tufanye hesabu yake. Mama wa kilo 55, akitembea mikono mitupu, hutumia kalori 41 hivi kwa kila kilometa. Akibeba kilo 40, tuseme 62. Soko liko kilometa 15. Anakwenda na mzigo, anarudi mtupu. Jumla yapata kalori 1,550, ni zaidi ya nusu ya chakula chake cha siku. Kama kilo zile 40 ni unga wa mihogo, amebeba kalori 136,000, na safari imekula sehemu moja tu katika mia. Hiyo si hasara. Lakini kama ni kabichi, kilo 40 zina kalori 10,000 tu, na safari imekula sehemu 15 katika mia. Nyanya ni mbaya zaidi, kwa maana nyanya ni maji yenye ngozi. Ndiyo sababu tangu zamani nafaka, unga na maharage husafiri mbali, hali mboga hulimwa karibu na mji. Wazee wetu hawakuhesabu kalori, lakini walijua.

Kitu kingine hakionekani katika hesabu hiyo. Ukigawanya nguvu ya mama huyo kwa mzigo na kwa njia, utaona kwamba kubeba tani moja mwendo wa kilometa moja kwa mgongo wa mtu kunagharimu kalori 2,600 hivi. Kamio nzuri la tani 10, njia nzuri, hunywa litre 40 katika kilometa 100, ndiyo kalori 350 kwa tani na kilometa. Mgongo wa mama unakula mara saba kuliko kamio. Na kalori za mazutu zatoka chini ya ardhi, lakini za mama zatoka katika chungu kile kile ambacho watoto wanakingoja. Watu husema mgongo wa mwanamke ni gari la bure. Nasema kwa heshima, ndugu zangu wanaume: hakuna gari la ghali kama hilo, ila tu mwenye kulipa halalamiki kwa sauti.

Historia ya nchi yetu imekwisha kuyathibitisha haya kwa uchungu. Kabla ya gari la moshi la Matadi, vitu vyote vilipanda kutoka bandari mpaka Kinshasa juu ya vichwa vya wapagazi. Mzigo ulikuwa kilo 30 au 35, na njia ilikuwa ya siku kama 20. Sasa mwanafunzi ahesabu: mpagazi aliyebeba unga kilo 32, akila kilo moja kasoro robo au zaidi kidogo kila siku, kwenda siku 20 na kurudi siku 20, atabaki na nini? Atafika nyumbani na gunia tupu. Chakula chenyewe kimemla mbebaji, au mbebaji amekila, ni mamoja. Ndiyo sababu misafara ya zamani ilibeba meno ya tembo na mpira, vitu vyenye bei kubwa katika uzito mdogo, wala haikubeba chakula cha kwenda kulisha watu wa mbali. Chakula kilichukuliwa vijijini njiani, kwa kununua au kwa kunyang'anya, na vijiji vya kando ya njia vilibaki na njaa. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 mambo yakawa yale yale, majeshi ya Kongo yalipokwenda hata Tabora, walipoingia Septemba 1916. Nyuma ya askari mmoja walikuwa wapagazi wengi, na nyuma ya wapagazi wapagazi wengine waliobeba chakula cha wale wa kwanza. Waliokufa njiani ni wengi mno, na makaburi yao hayana alama.

Gari la moshi la Matadi, kilometa 366, lilimalizika mwaka 1898. Halikujengwa pasipo maiti, hilo tusilifiche. Lakini tangu siku ile mzigo wa siku 20 ukawa mzigo wa siku chache, na kuni au makaa ya mawe ndiyo yakala mahali pa mtu.

Tuje kwenye barabara, maana hapo ndipo jambo lilipo kwa sisi watu wa mashariki.

Nimesema kamio hunywa litre 40 katika kilometa 100. Hiyo ni njia nzuri. Katika matope hunywa 80, na siku nyingine dereva mwenyewe hajui limekunywa ngapi, kwa sababu limeunguruma usiku kucha mahali pamoja. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri juu ya kamio namna hiyo, mimi na walimu wenzangu wawili, tukirudi shuleni baada ya likizo. Chini yetu palikuwa na ndizi mbichi, mihogo mibichi, na kuku wa mama mmoja ambao nilikwisha kuwajua kila mmoja kwa sauti yake. Siku ya pili tukazama. Kamio la mbele lilikuwa limezama, na la mbele yake pia, nikahesabu 14. Tulikaa siku nne. Siku ya tatu ndizi zilianza kuwa njano, siku ya nne nyeusi. Mwenye mihogo aliikata akatazama ndani: mistari ya buluu. Akaanza kuigawa bure kwa wasafiri, kila mmoja kipande, akisema tu, «Chukueni, chukueni.» Mwenye gari hakurudisha nauli ya mzigo hata nusu. Mazutu yaliyokunywewa siku zile nne yangetufikisha mara mbili.

Basi weka hesabu. Gunia la kilo 100, kilometa 300 za njia mbaya, limekunywa litre 2 na nusu kasoro kidogo, ni kalori 20,600. Likiwa ni unga, wenye kalori 340,000, safari imekula sehemu 6 katika mia. Likiwa ni viazi vya Kizungu, vyenye kalori 77,000 tu katika gunia, imekula zaidi ya robo. Likiwa ni ndizi zilizooza, imekula yote, na jembe la mkulima pia, na mvua iliyonyesha juu ya shamba lake.

Tena mazutu yenyewe ni msafiri. Mazutu ya Kivu hupanda kutoka Bahari ya Hindi, kwa Mombasa au Dar es Salaam, juu ya magari ambayo nayo yanakunywa njia nzima. Na njiani kuna bariyeri. Mwaka 2017 watafiti walizihesabu katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini wakapata 798. Kila moja hula, tena hizo hazili mazutu.

Njia ya nchi kavu ikifungwa, watu hukimbilia majini. Maji ni njia nzuri ikiwa chombo ni kizuri. Lakini mnakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, watu na magunia yao wakajazana katika boti moja, nalo likazama mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangoja katika bandari ya Kituku. Makumi walikufa. Wengi walikuwa wakienda tu sokoni, au wakirudi. Nilipoanza kuandika juu ya gharama ya kubeba chakula nilidhani nitaandika juu ya mazutu tu.

Mto wetu mkubwa, kutoka Kisangani mpaka Kinshasa, una kilometa zaidi ya 1,700 za maji yasiyo na maporomoko. Zamani masua za mto zilikula kuni, na kando ya mto walikaa watu ambao kazi yao ilikuwa kukata kuni na kuzipanga zingoje chombo. Baadaye mazutu. Juu ya maji mzigo hauna matuta wala matope, unateleza. Kwa hiyo tani moja katika jahazi kubwa la mto hula kama robo ya ile iliyomo katika kamio njia nzuri. Gari la moshi ni vivyo hivyo. Wale wakoloni walilijua jambo hilo wakaunganisha mto na reli: treni kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani, mpaka Ponthierville mwaka 1906, kisha masua juu ya Lualaba, kisha treni tena Kindu mpaka Kongolo mwaka 1911, na kutoka Kabalo mpaka Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Walilitengeneza kwa ajili ya mali yao, si kwa ajili ya sokoni kwetu. Lakini chuma hakijui kimelaza nini juu yake, na mchele wa Maniema ulipanda humo pia.

Na sasa nitasema neno litakalowashangaza wanafunzi. Siku hizi jirani zetu wanasifu treni zao za umeme. Tanzania walizindua yao mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na ni haki yao kuisifu. Lakini Katanga ilikuwa na treni ya umeme tangu 1952, kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke, kwa umeme uliotoka katika maporomoko ya nchi yenyewe. Treni ya namna hiyo hainunui mazutu Mombasa. Tulikuwa wa kwanza, tukaketi. Mwaka 1982 waya za umeme wa Inga zilifika Katanga, kilometa 1,700 hivi, zikapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo hutwanga gizani, kwenda kuyeyusha shaba. Sisemi shaba isiyeyushwe. Nasema tu kwamba chini ya waya zile, watu wanasukuma baisikeli zenye magunia matatu.

Kwa kuwa nimetaja baisikeli, nisiipite hivi hivi. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja Mwingereza alionyesha kwamba mtu juu ya baisikeli, njia tambarare, hutumia sehemu moja ya tano ya nguvu ya mtu atembeaye kwa mguu, tena hushinda wanyama wote na mashini zote alizozipima. Gurudumu ni kitu kikubwa! Vijana wa Goma walielewa hayo bila kusoma, wakachonga chukudu kwa mbao, magurudumu mawili na mpini, wakaipakia viazi, mbao na makala, mamia ya kilo kwa safari moja. Mtelemko wa kutoka milimani huibeba, ndiyo kusema, nguvu ni ya mlima wenyewe. Sanamu ya chukudu ilisimamishwa katika mji ule, na mimi nasema ilistahili. Ila sijaona mwanamke juu ya chukudu. Yeye ameachiwa ukanda.

Kuna gari moja bado, la ghali kuliko yote. Katika vita vya 1998 mpaka 2003, na hata baadaye, barabara za kwenda Shabunda na Walikale zilipokufa, chakula kilipanda ndege. Karibu na Walikale, mahali paitwapo Kilambo, ndege zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe. Ndege ndogo ya tani moja na nusu hunywa litre 300 hivi kwa saa. Safari ya kilometa 200 ni kama saa moja. Gunia moja la kilo 100 limekunywa litre 20, ni kalori 172,000, nusu ya nguvu yote ya unga uliomo ndani yake. Kama ndege ingerudi tupu, gunia lingekula gunia, sawa kabisa na yule mpagazi wa zamani. Lakini ndege haikurudi tupu. Ilirudi na madini, na madini ndiyo yaliyolipa mafuta ya kwenda na kurudi. Wachimbaji walikula unga wa angani kwa bei ya angani, na jembe likasahauliwa ukutani, kwani nani atalima mihogo ya franka chache hali kokoto hubebwa kwa ndege?

Sasa nimjibu kijana wangu.

Bahari ina urefu, mwanangu. Kutoka Bangkok mpaka Matadi ni kilometa 15,000 na zaidi. Lakini meli kubwa hubeba maelfu ya tani kwa safari moja, na maji huichukua bila kuomba kitu. Kwa tani moja ya mchele njia yote ile, meli hutumia litre 50 mpaka 75 za mafuta. Kamio letu la matope hutumia kiasi hicho katika kilometa 600 mpaka 900. Basi kilometa 15,000 za maji ya chumvi ni sawa na Bukavu mpaka Kisangani na nyongeza kidogo.

Lakini usiishie hapo, kwa maana hesabu hii ina neno la pili. Chukua mchele wako: barabara mpaka Kisangani, ikipitika, litre 52 kwa tani, kisha mto mpaka Kinshasa, litre 17. Jumla 69. Wa Asia 50 mpaka 75. Unaona? Kwa mafuta peke yake, mchele wa kwetu haujashindwa! Unashindwa na siku zilizolala matopeni, na bariyeri, na jahazi lingojalo bandarini mpaka lijae, na panya, na mvua iliyopenya turubai, na vita. Meli ya Bangkok haikutani na hata kimoja cha hivyo. Niliifanya hesabu hii mara tatu usiku, kwa sababu mimi pia nilidhani ni mafuta.

Wazungu nao wana shauri lao juu ya jambo hili, nami nitalipita upesi. Katika miaka ya 1990 Waingereza walizoea kuhesabu «maili za chakula», wakidhani kitokacho mbali ni kibaya sikuzote. Mwaka 2007 maduka yao makubwa mawili yalibandika picha ya ndege juu ya mboga zilizobebwa hewani, nao wakulima wa maharage mabichi wa Kenya wakaingiwa na hofu ya kukosa soko. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, wataalamu wa New Zealand walikuwa wameonyesha kwamba kondoo wao, hata akisafirishwa kwa meli mpaka Uingereza, ametumia nguvu kidogo kuliko kondoo wa Uingereza, kwa sababu kwao hula majani mwaka mzima. Huko Marekani, mwaka 2008, ilihesabiwa kwamba moshi wa kubeba chakula ni sehemu 11 tu katika mia ya moshi wote wa chakula. Uliobaki karibu wote hutoka katika kukilima na kufuga. Wengine mwaka 2022, wakihesabu pia kubeba mbolea na mashini, walipata karibu sehemu moja ya tano kwa dunia nzima, na karibu nusu ya moshi huo wa safari ni wa nchi tajiri, zenye mtu mmoja katika kila watu wanane wa dunia.

Hesabu hizo ni zao. Kwao trakta na mbolea hula mafuta kabla chakula hakijaondoka shambani. Kwetu jembe halinywi mazutu. Mazutu yaliyomo katika sahani ya mtu wa Bukavu ni ya barabara, na kuni zilizomo ni za jiko.

Je, kuna kitu ambacho jamaa moja yaweza kufanya pasipo kungoja barabara? Kimoja nakijua, nacho ni cha zamani. Mihogo mibichi ni maji zaidi ya nusu. Aipelekaye mibichi sokoni, analipa nauli ya maji. Akiimenya, akailoweka, akaianika vizuri, mzigo unapungua zaidi ya nusu, na jua halidai kitu. Wavuvi wa Tanganyika hawaikaushi ndagala kwa ajili ya ladha tu. Wanaondoa maji yasisafiri. Wafugaji wa Masisi hugeuza litre 10 za maziwa kuwa kilo moja ya jibini, na jibini hufika mjini hali maziwa yangechacha kwenye kona ya tatu. Najua shida yake: mvua, nafasi ya kuanika, wezi, mbuzi, na tena mnunuzi wa mjini hupenda kubonyeza mihogo mibichi kwa kidole. Lakini mama wa kilo 40 aweza kubeba katika zile 40 chakula mara mbili na zaidi, au chakula kile kile kwa mzigo wa kilo 16, ambao unakaribia ile sehemu ya tano ya wataalamu.

Darasa la sita limekwisha kuanza kujaribu. Jumatatu tulipima kilo 10 kamili za mihogo iliyomenywa, tukaianika juu ya mabati ya jiko la shule, na yule kijana wa swali amewekwa mlinzi wake, na fimbo ya kufukuzia kuku. Jana jioni tulipima tena: kilo 4 na robo. Amenidai kuandika hesabu hiyo ubaoni yeye mwenyewe. Juma lijalo tutapima makala, kwa maana kilo moja ya makala ina nguvu kama kilo mbili za unga, na nina mashaka kwamba sufuria ya maharage itatuaibisha kuliko kamio. Kila mwanafunzi aulize nyumbani gunia la makala humalizika kwa siku ngapi, aandike jibu la mama, si la baba.